Mrejesho: Union Version au Habari Njema?

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza kama niiache tafsiri ya Biblia ya Union Version ya 1952 nihamie ile ya Habari Njema, yenye Kiswahili chepesi zaidi, maana nilikuwa nakwama kila ukurasa. Mlinishauri nisome zote mbili sambamba. Nimefanya hivyo, Mungu awabariki sana!

Zaburi 110:1 ndiyo iliyonifungua macho. Union inasema "Neno la BWANA kwa Bwana wangu", nami miaka yote sikuelewa ni Bwana yupi anayesema na yupi anayeambiwa. Habari Njema hapo pa kwanza imeweka Mwenyezi-Mungu. Kumbe BWANA ya herufi kubwa inashika nafasi ya jina la Mungu la Kiebrania!

Kukariri bado nakariri kwa Union. Mahadhi yake siyaachi. Sasa nimeanza Warumi, sura moja kila alfajiri.