Mdogo wangu mwanariadha katuhumiwa chuoni Marekani, mzee anataka tuombe radhi yaishe. Tufanyeje?

Mwana_Bonde (mleta uzi)

Habari za usiku wadau. Nisomeni mpaka mwisho kabla hamjanipiga mawe.

Mdogo wangu ana miaka 21, anakimbia mita 5000 kwenye chuo cha umma huko Marekani, mwaka wa pili kwa skolashipu. Jumatatu kapokea barua pepe ya ofisi ya Title IX ya chuo, ile inayoshughulikia malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia: mwanafunzi mwenzake wa kike analalamika kwamba alimlazimisha kimwili baada ya sherehe mwezi uliopita. Yeye anasema walikubaliana. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa. Barua inamkataza kuwasiliana na yule dada kwa njia yoyote, na kocha kamwambia asionekane mazoezini mpaka aitwe.

Huku nyumbani, nje kidogo ya Eldoret, mzee halali. Anasema awe na kosa asiwe nalo, tutafute wazazi wa msichana, tuketi kama watu wazima, kijana aandike kuomba radhi. Mama anataka apande ndege kesho. Kijana mwenyewe kajifungia, darasani haendi. Keshokutwa anaitwa kwa mchunguzi. Aende? Aseme nini?

Ohio_Kwetu

Pole sana kaka. Kabla ya yote, chukua simu ya mzee. Sitanii.

Kwetu ukiomba radhi unapoza mambo. Kule ujumbe wa "nisamehe kwa yaliyotokea" unapigwa picha na kuwekwa kwenye faili kama kukiri. Nyinyi mkimtafuta msichana au wazazi wake, chuo kinaweza kuhesabu kwamba mnamtisha mlalamikaji, na hilo ni kosa jipya hata kama la kwanza halitathibitika. Kuna kijana wa nyumbani hapa jimboni shangazi yake alituma ujumbe wa "kuwapatanisha". Shangazi mwenyewe alikuwa na nia njema kabisa. Kijana akaongezewa shtaka.

Kisheria_Zaidi

Mkuu, elewa kwanza kwamba hii si mahakama. Title IX ni sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye shule zinazopokea pesa za serikali kuu ya Marekani. Chuo hakifungi mtu jela, kinafukuza. Ndiyo maana hakihitaji uhakika ule wa kesi ya jinai; vyuo vingi vinatumia mizani tu, ikiinama kidogo upande mmoja, basi.

Utaratibu wenyewe umebadilishwa kila serikali inapobadilika. Mwaka 2011 serikali ya Obama ilivibana vyuo vichukue malalamiko kwa uzito, wakosoaji wakasema watuhumiwa hawasikilizwi. Kanuni za 2020 zikaleta kikao cha moja kwa moja cha pande zote mbili, ambapo mshauri wa kila upande anauhoji upande wa pili. Za 2024 zikalegeza hilo, na Januari 2025 mahakama ya shirikisho huko Kentucky ikazifuta. Kwa hiyo zinazotumika sasa ni zile za 2020.

Maana yake kwa mdogo wako: anahesabiwa hana kosa mpaka kikao kiamue. Ana haki ya kuwa na mshauri kuanzia mahojiano haya ya keshokutwa, na mshauri huyo anaweza kuwa wakili. Kabla ya ripoti kukamilika anapewa siku 10 kuuona ushahidi na kuujibu. Akikosa mshauri siku ya kikao chuo kinampa bure, lakini si lazima awe mwanasheria, kwa hiyo msimtegemee huyo. Aandike leo kwa adabu kwamba anatafuta mshauri, aombe asogezewe tarehe. Na asiongee bila wakili: analomwambia mchunguzi wa chuo linaweza kufika polisi.

Jogoo_la_Shamba

Anaonewa huyo. Someni kesi ya chuo kikuu cha Duke ya 2006, wachezaji wa lacrosse (mchezo wa mpira wa fimbo zenye nyavu) walisingiziwa mchana kweupe.

Dada_Minneapolis

@Jogoo_la_Shamba ni kweli walisingiziwa. Mashtaka yalifutwa 2007 na mwendesha mashtaka akanyang'anywa leseni ya uwakili. Ila wale walikuwa vijana wa kizungu wenye mawakili wa bei, na mlalamikaji alikuwa mweusi. Sijui hapo umethibitisha nini.

Nami naongeza mfano ambao huku hautajwi. Chuo kikuu cha Baylor, 2016: uchunguzi ulionyesha chuo kilishindwa kushughulikia malalamiko ya wanawake, yakiwemo dhidi ya wachezaji wa timu ya mpira wa Kimarekani. Kocha alifukuzwa, rais wa chuo akavuliwa cheo. Mwanamichezo analindwa sana mpaka siku anapoacha kulindwa.

Nimewahi kumsindikiza rafiki yangu kwenye kikao kama hicho, upande ule mwingine wa meza. Alitetemeka siku tatu. Mwana_Bonde, hujasema neno hata moja kuhusu huyo binti. Sikulaumu, damu ni damu. Lakini mwulize mdogo wako swali moja, si "ulifanya?" Mwulize alijuaje kwamba msichana amekubali.

Kisheria_Zaidi

Swali zuri, ila amjibu wakili kwanza. Anayomwambia ndugu hayana kinga ya siri kama anayomwambia wakili.

Kuhusu kocha: kusimamishwa timu mara nyingi ni uamuzi wa idara ya michezo, njia tofauti na Title IX. Terrence Shannon Jr. wa kikapu, chuo kikuu cha Illinois, alisimamishwa Desemba 2023 kwa shtaka la ubakaji huko Kansas. Januari jaji wa shirikisho akaamuru arudishwe uwanjani kwa muda, na Juni 2024 akaonekana hana hatia. Msijipe moyo sana, yule alikuwa nyota aliyekaribia kuingia NBA. Lakini chuo cha umma kinabanwa na katiba. Cha binafsi hakibanwi hivyo, kingebanwa zaidi na kijitabu chake cha kanuni.

Viza_Mtaalamu_wa_Mtaa

Wote mmesahau F-1, viza ya mwanafunzi. Arudi darasani KESHO. Akipungukiwa na masomo bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, hadhi yake ya F-1 inaweza kumponyoka kabla hata ya kikao. Na mama aelezwe kwamba kukimbia hakufuti kitu: NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inavitaka vyuo viulize historia ya nidhamu ya namna hii kwa kila mwanamichezo anayehamia.

Mwana_Bonde

Ahsanteni, hata walionichapa. Wakili kapatikana kupitia watu wa kanisa, tumechanga malipo ya kwanza. Mahojiano yamesogezwa wiki moja. Darasani karudi. Mzee kanipa simu yake, kaenda kulala saa mbili usiku.

Dada_Minneapolis, nilimuuliza lile swali kabla sijaona onyo la Kisheria. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Nikamwambia basi, usinijibu mimi.