Mjadala: Chandra ipunguziwe fedha?

Mleta mada: Wakuu, Machi 2024 NASA, shirika la anga la Marekani, ilipendekeza bajeti ya Chandra, darubini yake ya angani inayopiga picha kwa eksirei (X-ray), ishuke kutoka dola milioni 68 hivi hadi milioni 41 mwaka 2025, kisha izidi kushuka. Hoja yao ni kwamba chombo kiko angani tangu 1999, kimechakaa, na kukidhibiti kisipate joto kupita kiasi kumekuwa kazi ngumu. Napinga. Mwaka 2022 jopo la wanasayansi lililopitia misheni za NASA liliiweka Chandra daraja la juu pamoja na Hubble. Halafu eksirei za angani hazipenyi angahewa, kwa hiyo darubini ya ardhini haiwezi kuziba pengo hilo. Katika makundi makubwa ya galaksi (kila galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota) kuna gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na uzito wake unazipita nyota zote za humo. Gesi hiyo hung'aa kwa eksirei, darubini ya mwanga wa kawaida haiioni.

Mchangiaji: Mkuu, fedha hazitoshi kwa kila mtu. Wajapani walirusha darubini ya eksirei ya XRISM Septemba 2023, inapima gesi hiyohiyo. Ya nini kung'ang'ania chombo cha robo karne? Na sisi huku yanatuhusu nini?

Mleta mada: Ndugu, XRISM ni hodari wa kupima mwendo wa gesi, lakini jicho la Chandra ni kali kuliko lake zaidi ya mara mia. Chukua kundi la galaksi liitwalo Perseus. Gesi ya katikati ilipaswa kupoa na kuzaa nyota kwa wingi, lakini haifanyi hivyo. Chandra ndiyo iliyoonyesha kwa undani mapovu yaliyopulizwa na shimo jeusi (kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki) la NGC 1275, galaksi ya katikati ya kundi hilo, na mawimbi yanayosambaa kutoka hapo. Huenda ndiyo yanayoipasha gesi joto. Mwendo bila picha ni nusu ya habari.

Kuhusu sisi: setilaiti ya kwanza ya eksirei, Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru. Ndiyo iliyogundua kwamba eksirei za makundi kama Coma zimetapakaa hadi kwenye nafasi kati ya galaksi moja na nyingine. Setilaiti za elimu hii zilianzia pwani yetu, tuna haki ya kuisemea.

Anayetaka fedha zikatwe anitajie chombo kilichoko angani leo kitakachopiga picha kali kama hizo.