Mjadala: Je, Agatha Christie alituchezea rafu katika The Murder of Roger Ackroyd?

Kama hujasoma The Murder of Roger Ackroyd, riwaya ya upelelezi ya Mwingereza Agatha Christie, na unakusudia kuisoma, ishia hapa. Nitamtaja muuaji, maana bila kumtaja hakuna mjadala.

Ubishi ulianza kwa shemeji yangu, mume wa dada. Nilimwazima nakala yangu ya mtumba, ile yenye jalada lililoshikizwa kwa selotepu, akairudisha baada ya siku tatu. Hakunipa mkononi. Aliiweka mezani akasema, "Huyu mama ni tapeli." Tangu hapo hatujaelewana, na kila tuliyemshirikisha amechagua upande. Naomba nanyi mtoe maoni, ila kwanza nieleze kisa kwa ajili ya waliokisoma zamani wakasahau.

Tuko kijiji cha King's Abbot, Uingereza. Mjane mmoja, Bi Ferrars, anakufa kwa kuzidisha dawa ya usingizi. Mwaka mmoja nyuma alimwekea sumu mumewe, mlevi aliyemtesa, na kuna mtu aliyeijua siri hiyo akawa anamkamua pesa. Kabla ya kufa amempelekea tajiri Roger Ackroyd, aliyekuwa amuoe, barua yenye jina la mtu huyo. Jioni hiyohiyo Ackroyd anachomwa jambia chumbani kwake na barua inatoweka. Hercule Poirot, mpelelezi aliyestaafu akahamia hapo kijijini kulima mamumunye, anaombwa aingilie kati. Anayetusimulia yote haya ni Daktari James Sheppard, jirani mpole, mtu wa kuaminiwa. Na muuaji ni yeye daktari. Yeye ndiye aliyekuwa akimkamua yule mama.

Shemeji hayuko peke yake. Kitabu kilipotoka mwaka 1926, wapo wasomaji na wahakiki waliong'aka kwamba wamehadaiwa. Mwaka 1928 S. S. Van Dine, mwandishi wa Marekani, alitoa kanuni zake 20 za riwaya ya upelelezi, na mojawapo inakataza kumlaghai msomaji kwa hila yoyote isipokuwa ile ambayo mhalifu anamfanyia mpelelezi. Mwaka uliofuata Ronald Knox, mwandishi Mwingereza wa riwaya hizihizi, akatoa zake 10, akataka mwenza wa mpelelezi asimfiche msomaji yanayopita kichwani mwake. Kwa upande wa pili alikuwepo Dorothy L. Sayers, naye bingwa wa riwaya hizi, aliyemtetea Christie kwa hoja fupi: kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu. Na mwaka 2013 chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza kilipiga kura, kitabu hiki kikatoka cha kwanza kuliko vyote vya aina yake.

Kura hiyo haikumtikisa shemeji. Hoja yake nitaieleza kwa uaminifu, kwa sababu ina uzito. Anasema kati ya msimulizi na msikilizaji kuna amana. Bibi akisema "Paukwa!" nasi tukajibu "Pakawa!", tumempa ruhusa ya kutunga apendavyo. Fisi aongee, mti utembee, sawa. Lakini hatukumpa ruhusa ya kuwa yeye ndiye fisi. Anaongeza kwamba sisi tuliokua na riwaya za Muhammed Said Abdulla tulimzoea mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake, na ubavuni mwake yupo Najum. Hakuna aliyewahi kumchunguza Najum! Mwenza wa mpelelezi ni jicho la msomaji ndani ya kitabu. Ukilipaka jicho hilo tope halafu ukajisifu kwamba msomaji hakuona, umeshinda nini?

Hapo kwa Najum nakubaliana naye zaidi kuliko anavyodhani. Christie alijua hasa anachokifanya. Mwenza wa Poirot ni Kapteni Hastings, na humu amemwondoa kwa kumhamishia Argentina. Poirot mwenyewe analalamika kwamba anamkumbuka rafiki yake. Kiti kiko wazi, daktari anakikalia, nasi tunampa heshima ya Hastings bila kumuuliza ametoka wapi.

Lakini kukaa kwenye kiti cha mtu si kusema uongo. Nilikisoma mara ya pili nikiwa na penseli, nikaweka alama kila sentensi ambayo daktari anasema jambo lisilo kweli kwa kinywa cha msimulizi. Si anayowaambia wenzake, hao anawadanganya waziwazi. Nasema anayotuambia sisi. Penseli yangu haikufanya kazi kubwa.

Tazameni anavyomwacha Ackroyd usiku ule. Anaandika kwamba barua ililetwa saa tatu kasoro dakika 20, na ilikuwa saa tatu kasoro dakika 10 alipotoka, barua ikiwa bado haijasomwa. Akasita, mkono ukiwa kwenye kitasa, akageuka na kujiuliza kama kuna lolote aliloacha bila kulifanya. Basi. Dakika 10 zimepita kati ya sentensi mbili, na ndani ya dakika hizo mtu ameuawa. Kila neno ni kweli, hata lile la kujiuliza kama ameacha jambo! Mara ya kwanza nilidhani ni adabu ya mgeni anayeaga.

Baadaye usiku huo simu inalia kwake. Hatuambii ni nani aliyepiga wala alisema nini. Anatuandikia maneno yake mwenyewe tu, "Nini? Nini? Hakika, nakuja sasa hivi," kisha anamgeukia dada yake Caroline na kumwambia kwamba ni mtumishi wa Ackroyd, bwana wake amekutwa ameuawa. Caroline amedanganywa, maana aliyepiga si mtumishi huyo. Sisi tumeachwa tusikie akidanganywa. Na mwili unapogunduliwa, akabaki peke yake chumbani kwa muda mfupi, anaandika kwamba alifanya yale machache yaliyohitajika kufanywa. Machache yenyewe ni kuficha mkobani kinasa sauti kilichowafanya watu nje ya mlango waamini kwamba Ackroyd bado anaongea, na kurudisha mahali pake kiti kilichokuwa kimekificha.

Ndiyo maana namwambia shemeji: haya si utapeli. Tapeli akikuuzia kiwanja cha watu, hati anayokupa ni ya uongo. Daktari huyu ametupa hati halisi, nasi tukaisoma haraka kwa sababu mwenye kuitoa ni daktari. Angekuwa mtumishi, mlevi au mgeni aliyepita getini, tungeuliza mara moja: dakika 10 ulikuwa unafanya nini? Mimi nisingemuuliza daktari swali hilo hata mtaani kwetu, na naliona hilo ni kosa langu, si la Christie.

Kasoro kitabu kinazo. Ile mashine ya sauti inategemea mambo mengi mno yaende sawa kwa wakati mmoja, na katikati, wale wanafamilia wanaoficha kila mmoja siri yake ndogo wananichosha. Sitabishana na anayesema alisinzia hapo.

Ugomvi wangu mwenyewe na kitabu hiki uko mwishoni, na nashangaa watu hawaugusi. Poirot akishamfichua daktari anampa nafasi ya kujiua kwa dawa ileile iliyomuua Bi Ferrars, ili Caroline asipate aibu ya kaka kunyongwa. Daktari anakaa kuandika kurasa zake za mwisho. Anajisifu kwa uandishi wake, ananukuu zile sentensi za barua na kitasa, anauliza kama kuna ambaye angeshtuka lau angeweka mstari wa nyota katikati. Halafu anafika kwa Bi Ferrars. Anasema hahusiki na kifo chake, kwamba ni matokeo ya matendo yake mwenyewe. Hamwonei huruma.

Niliiweka penseli chini niliposoma hapo. Mwanamke alitoka kwenye mikono ya mume katili akaingia kwenye mikono ya daktari wa familia, aliyemtibu mumewe mpaka akafa, akajua, akanyamaza, kisha akapeleka bili. Alikamuliwa hadi akaona kifo ni nafuu. Alipopata ujasiri wa kuandika jina, barua ikaibwa pamoja na uhai wa aliyeandikiwa. Kitabu kizima hatumsikii akiongea. Tumempata kwa kinywa cha mtu aliyemuua polepole, na mtu huyo ndiye anayeachiwa neno la mwisho, analitumia kusikitika kwamba Poirot alikuja kulima mamumunye hapo. Kama kuna uongo mtupu katika kitabu hiki ni hiyo sentensi ya "sihusiki". Kwangu hapo ndipo pa kukasirikia, kuliko kile kiburi chetu kilichoumizwa kwa kutotambua muuaji.

Dada, ambaye siku zote alikuwa anatusikiliza akicheka, yuko upande wangu kwa hili tu. Kwenye hila yuko na mumewe.

Nilimpa shemeji changamoto nami nawapa ninyi: nileteeni sentensi moja ambayo daktari anatudanganya sisi wasomaji kuhusu jambo lililotendeka. Shemeji alikaa na kitabu wiki nzima, na juzi alikuja nayo, ukurasa wake umekunjwa sikio. Ni pale daktari anaposema kwamba katika upelelezi ule alikuwa Watson (yule mwenza na msimulizi wa mpelelezi Sherlock Holmes) kwa Poirot aliyekuwa Sherlock, hadi Jumatatu, kisha njia zao zikaachana.

Amenibana, nakiri. Nilijibu kwamba kwa vitendo ni kweli: alifuatana na Poirot kila mahali, akauliza maswali, akaandika. Shemeji akanijibu kwamba Watson si kutembea na mtu, Watson ni kutaka ukweli upatikane, na huyu hakuutaka hata dakika moja. Sijapata jibu la kumridhisha. Mwenye nalo alilete, na mwenye sentensi nzito kuliko hiyo naye ailete.