MF DOOM: majina lukuki, albamu kibao. Mtu anaanzia wapi?

Chanda_Chema

Wakuu, salaam. Nataka kumsikiliza rapa MF DOOM kwa mpangilio, siyo kudokoa wimbo huu na ule. Kila nikitafuta nakutana na jina jipya: Zev Love X, King Geedorah, Viktor Vaughn, Madvillain, Metal Fingers. Huyu ni mtu mmoja au ukoo mzima?

La pili ni la kiufundi. Biti za kusampo (za kukata vipande vya rekodi za zamani) za mtindo wa albamu ya Madvillainy zikipikwa kwenye kompyuta zinatoka na tope, besi haieleweki. Kosa linakuwa wapi? Na la tatu: vile vina vyake virefu vinawezekana kwa Kiswahili?

Fundi_Santuri

Mtu mmoja. Daniel Dumile, kazaliwa London mwaka 1971, mama wa Trinidad, baba Mzimbabwe (ndiko lilikotoka jina la ukoo, Dumile), akakulia Long Beach, New York.

Zev Love X ndiye wa mwanzo. Hilo ni jina lake ndani ya KMD, kundi lake na mdogo wake DJ Subroc, waliotoa Mr. Hood mwaka 1991. Aprili 1993 Subroc aligongwa na gari akafariki, albamu ya pili, Black Bastards, ikiwa jikoni. Mwaka uliofuata kampuni yao, Elektra, ikagoma kuitoa kwa sababu ya jalada: lilichorwa Sambo, kile kikaragosi cha kuwadhihaki watu weusi, akinyongwa. Mchoro ulikuwa unaunyonga ubaguzi wenyewe, lakini waliopiga kelele waliona kitanzi tu. Mkataba ukafia hapo.

Akapotea miaka kadhaa. Mwaka 1997 kuelekea 1998 akaanza kupanda jukwaa la Nuyorican Poets Café, Manhattan, uso kaufunika kwa soksi ndefu ya kike. Barakoa ya chuma ilikuja baadaye, imetokana na Doctor Doom wa vitabu vya katuni. Operation: Doomsday ikatoka 1999 kupitia Fondle 'Em, lebo ndogo ya Bobbito Garcia.

Majina mengine yashike kwa kazi yake. King Geedorah ni DOOM prodyuza: kwenye Take Me to Your Leader (2003) biti karibu zote zake, ila wanaochana (wanaorapu) zaidi ni wageni. Viktor Vaughn ni kinyume chake: Vaudeville Villain, mwaka huohuo, anachana yeye, biti za watu wengine. Hapa wengi huchanganya, wanasifia biti za Viktor wakidhani zake. Yaliyobaki ni yeye na prodyuza mmoja: Madvillain ni yeye na Madlib (albamu yao ndiyo Madvillainy), DANGERDOOM ni yeye na Danger Mouse (2005), JJ DOOM ni yeye na Jneiro Jarel (2012). Metal Fingers ni jina la biti tupu, ule mfululizo wa Special Herbs ambao biti zake zina majina ya viungo na mimea: zafarani, uwatu, giligilani. Duka zima la viungo! Na ile ya uwatu, Fenugreek, ndiyo rapa Ghostface Killah aliichania kwenye albamu yake Fishscale mwaka 2006 ikaitwa 9 Milli Bros.

Mpangilio wangu: Operation: Doomsday, Madvillainy, Mm..Food, Take Me to Your Leader, halafu Vaudeville Villain. Born Like This (2009) iache mwisho. Hapo jina limebaki DOOM tu, sauti imekwaruza, na giza limezidi.

Mama_Santuri

Mkuu hapo juu kaeleza vizuri, ila mpangilio siafiki. Mgeni usimtupe Madvillainy mapema. Nyimbo 22 ndani ya dakika 46 hivi, nyingi hazina kiitikio. Sikio linapotea kabla halijashika chochote. Mpe Mm..Food kwanza. Imetoka Novemba 2004, karibu kila wimbo una jina linalohusu chakula au kinywaji, na jina la albamu lenyewe ni herufi za MF DOOM zilizopangwa upya. Kuanzia wimbo wa 6 hadi wa 9 hachani kabisa, ni vipande vya katuni za zamani vilivyoungwa. Mara ya kwanza viruke bila aibu.

Tahadhari kwa anayepakua Madvillainy: kuna toleo bichi lililovuja zaidi ya mwaka mmoja kabla ya albamu kutoka Machi 2004. Baada ya kuvuja kazi ilisimama, kila mmoja akaenda kwenye miradi mingine, na waliporudi DOOM akarekodi upya mistari mingi kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekaa kitako. Ukisikia anachana kwa sauti ya juu na pupa, umeshika ile iliyovuja. Siyo mbaya, lakini siyo albamu.

Kisu_cha_Sampo

Nijibu la tope.

Sehemu kubwa ya biti zile Madlib alizipikia kwenye Boss SP-303, kisampo kidogo cha kubeba mkononi, akiwa Brazili na santuri alizonunua hukohuko. Kifaa hicho hakikupi nafasi ya kupanga sauti 30 juu ya sauti. Unakata kipande, unakizungusha, basi. Besi unayoisikia mara nyingi ni ile iliyokuwemo kwenye santuri, haikuongezwa.

Kosa la kompyuta ni kwamba sampo ina besi yake, wewe unaweka nyingine juu, na mbili hizo zinagombana chini ya Hz 150 au hapo. Chagua moja. Ama uache ya sampo na usiongeze kitu, ama uikate sampo chini ya Hz 120 ndipo uweke yako. Ukiamua kuongeza, hakikisha noti zinakubaliana na sampo, maana ukiongeza kasi kwa kupandisha sauti kama santuri, funguo inahama. Kutoka BPM (mapigo kwa dakika) 80 kwenda 92 unapanda kama nusu toni mbili na robo tatu hivi... hapana, nimekosea, ni mbili na vinne vya kumi (2.4). Haiangukii kwenye noti kamili, kwa hiyo kinanda chako kitasikika kibovu hata ukipiga sahihi. Kitune kifuate sampo.

Jingine ni mgandamizo (compression), yaani kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo. Kwenye SP-303 kuna efekti ya kuiga santuri ambayo inabana sauti yote kwa pamoja: kiki (ngoma nzito ya chini) ikipiga, sampo inazama kidogo halafu inaibuka. Huo mpumuo ndio watu wanautafuta wanapoongeza mikwaruzo ya bandia. Peleka ngoma na sampo kwenye chaneli moja, bana kwa uwiano wa 4:1, ianze kubana baada ya milisekunde 20 hadi 30, iachie kwa 100 hivi. Na snea (ngoma kali ya juu) usiinyooshe kwenye gridi ya kompyuta, iache ichelewe au iwahi kidogo.

Mizani_na_Vina

Kwa Kiswahili inawezekana, ila mtego upo. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu na vitenzi vinaishia kufanana, kwa hiyo "wanapendana / wanagombana" inaonekana kina, kumbe ni kiambishi kilekile kimerudiwa. DOOM alikuwa akilinganisha irabu za neno zaidi ya moja, konsonanti zikitofautiana. Chukua mfuatano a-a-u-i:

Mwaliko *wa harusi*, *ana suti*, ha*na nauli*,
soli zimefumuka, na kwa mguu *hana budi*.

Mwalimu wa ushairi atakataa, kwa kuwa "si", "ti", "li" na "di" si kina kimoja. Kwenye kuchana sikio linapokea, mradi mkazo uangukie silabi ya pili kutoka mwisho.

Kinachoharibu ni idadi. Mistari hiyo ina mizani (silabi) 16 kila mmoja, kama shairi la kawaida. Mzunguko wa mapigo manne una nafasi 16 za robo pigo, maana yake umezijaza zote na kwenye BPM 90 una sekunde 2.7 bila pa kuvutia pumzi. Shuka hadi 11 au 13. Kisha fanya alivyofanya DOOM: sentensi iishie katikati ya mstari unaofuata, pumzi uivute hapo.

Chanda_Chema

Nimepata zaidi ya nilichouliza. Pumzi zake nizitazame kwenye video za jukwaani?

Fundi_Santuri

Zile za kuanzia 2007 uwe nazo makini. Kuna maonyesho alituma mtu mwingine avae barakoa na kufuatisha mdomo tu. Mwenyewe alijitetea kwamba yeye ni mwandishi na mwongozaji, anachagua nani aigize. Pumzi zisikilize kwenye rekodi, wimbo wa Accordion wa Madvillainy, haufiki hata dakika mbili.