Mwanangu wa darasa la sita anakwama kutoa namba mchanganyiko zenye asili (namba za chini) tofauti, nisaidieni

Mama wa Uyole
Habari za jioni ndugu zangu. Niko Uyole hapa Mbeya, nauza viazi Mwanjelwa. Hesabu za sokoni hazinisumbui: kilo mbili na nusu, tatu na robo, naenda nazo kichwani. Daftari la mwanangu ndilo limenishinda.

Mwanzoni hata kujumlisha kulimtatiza. Alikuwa anaandika 2 1/2 + 1 3/4 = 3 4/6, juu kwa juu, chini kwa chini. Hapo nilimsaidia kwa mizani: nusu na robo tatu peke yake zinapita kilo, sasa jibu litabakije tatu na kitu? Akaelewa, akapata 4 1/4.

Kasheshe ni kutoa. Swali ni 5 1/4 − 2 2/3. Yeye anapata 3 5/12 na amewekewa kosa. Nikimuuliza anasema, "Mama, asili nimezifanya 12." Kweli amezifanya. Sioni alipoteleza, na mtoto ameanza kusema hesabu si zake. Inaniuma sana.

Mwalimu mstaafu, Mafinga
Kamwene mama. KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, ya 4 na 3 ni 12, mtoto yuko sahihi. 1/4 ni 3/12, na 2/3 ni 8/12. Alipofika 3 kutoa 8 akaona haitoki, akageuza: 8 kutoa 3, akaandika 5. Kosa hili nimelikuta kwenye madaftari mengi mno, na mara nyingi linafanywa na watoto wanaojua kutafuta asili vizuri. Kwa hiyo usikubali aseme hesabu si zake.

Mwambie ajumlishe jibu lake na alichokitoa: 3 5/12 + 2 2/3 inaleta 6 1/12. Alianza na 5 1/4! Ataona mwenyewe.

Kisha afungue nzima moja kwenye ile 5. Nzima moja ni 12/12, kwa hiyo 5 3/12 inakuwa 4 15/12. Sasa 15 kutoa 8 ni 7, na 4 kutoa 2 ni 2. Jibu 2 7/12.

Fundi seremala, Makambako
Mbona kuzunguka? Abadili zote kuwa sehemu guni, zile ambazo namba ya juu inazidi ya chini. 21/4 − 8/3 ni 63/12 − 32/12, yaani 31/12, ambayo ni 2 7/12. Hakuna kukopa.

Mwalimu mstaafu, Mafinga
Ni sahihi ndugu yangu, na kwa namba ndogo hata mimi ningemwachia aitumie. Lakini mpe 27 5/8 − 19 5/6. Kwa guni atabeba 663/24 − 476/24, na mtoto anateleza kwenye kuzidisha kabla hajafika kwenye sehemu. Kwa kufungua nzima ni 26 39/24 − 19 20/24, anapata 7 19/24 bila jasho. Ajue njia zote mbili.

Muuza mayai, Iringa mjini
Mama, mimi wangu nilimfundisha kwa trei. Trei ina mayai 30. Una trei 3 1/2, mteja anataka 1 4/5. Yaani una trei 3 na mayai 15, unatoa trei 1 na mayai 24. Mayai 15 hayatoshi, unafungua trei moja: zinabaki trei 2 na mayai 45. Toa, unabaki na trei 1 na mayai 21, yaani 1 7/10.

Mkulima wa Tukuyu
Trei ni nzuri ila kwa robo inagoma, 30 haigawanyiki kwa 4. Kwa swali la mama tumia saa. Saa 5 na dakika 15 kutoa saa 2 na dakika 40, inabaki saa 2 na dakika 35. Dakika 35 kati ya 60 ni 7/12.

Mama wa Uyole
Asanteni sana. Ya saa imemwingia moja kwa moja. Ila leo jioni, karatasini, ameandika 5 3/12 kuwa 4 13/12. Hiyo 13 imetoka wapi?

Mwalimu mstaafu, Mafinga
Amekopa kumi, mama. Ndivyo alivyozoea tangu darasa la pili, kwenye mamoja na makumi. Muulize: ulipofungua saa uliongeza dakika ngapi? Atasema 60. Ukifungua trei je? 30. Basi ukifungua nzima yenye vipande 12, ongeza 12.

Na tafadhali usimpe zoezi ambalo asili yake inakuwa 10, maana hapo kukopa kumi kutampa jibu sahihi na kosa litajificha. Mpe 6 1/6 − 3 3/4.

Mama wa Uyole
Amepata 2 5/12. Na amejumlisha kurudi nyuma bila kuambiwa, ikatoka 6 1/6. Sasa hivi anataka nimwandikie lingine, na mimi jiko bado sijawasha.