Euler alithibitishaje kwa mkono kwamba 2147483647 ni namba tasa?

Mpenda_Hesabu:
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Mwaka 1772 Leonhard Euler alithibitisha kwamba 2^31 − 1, yaani 2147483647, ni namba tasa, nayo ikabaki kuwa tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa zaidi ya miaka sabini. Kinachonitatiza ni ukubwa wa kazi yenyewe: kipeuo chake cha pili kinazidi kidogo 46,340, na chini ya hapo zipo namba tasa zaidi ya 4,700. Je, alizijaribu zote?

Fundi_Namba:
Hakuhitaji. Tuseme namba tasa q inaigawanya 2^31 − 1 bila baki, maana yake 2^31 ikigawanywa kwa q hubakiza 1. Na kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, hakuna kipeo chini ya 31 kinachotoa baki hilo. Kanuni ndogo ya Fermat nayo inasema 2^(q − 1) hubakiza 1, kwa hiyo q − 1 lazima igawanyike kwa 31, na kwa sababu q ni witiri, igawanyike kwa 62. Hatua inayofuata ndiyo inayonipendeza zaidi: 2^32, ambayo ni mraba wa 2^16, hubakiza 2, na jambo hilo huwezekana pale tu q inapobakiza 1 au 7 ikigawanywa kwa 8. Masharti hayo mawili yakiunganishwa, q lazima iwe ya umbo 248k + 1 au 248k + 63. Chini ya 46,341 namba za namna hiyo ni 373 tu, na nyingi si tasa: ya kwanza iliyo tasa ni 311, ambayo huacha baki 35, kisha unaruka hadi 1303.

Mkokotozi:
Maelezo ya Fundi_Namba ni sahihi, ila msomaji asidhani kwamba utasa wa kipeo unatosha. 11 ni tasa, lakini 2^11 − 1 ni 2047, yaani 23 × 89, na vigawo vyote viwili vinatii masharti yale yale, 11 ikishika nafasi ya 31. Siku hizi hatutafuti hata vigawo: kwa jaribio la Lucas na Lehmer unaanza na 4, unaipiga mraba, unatoa 2, unachukua baki la kugawanya kwa 2^31 − 1, na ukirudia mara 29 ukafikia 0, umemaliza: namba ni tasa.

Mpenda_Hesabu:
Nashukuru, sasa nimeelewa. Je, 2147483647 ikitumika yenyewe kama kipeo, tunapata tasa nyingine?

Fundi_Namba:
Hatupati. Namba hiyo, 2^2147483647 − 1, ina tarakimu zaidi ya milioni 646, na jaribio la Mkokotozi lingekuwa zito mno, lakini njia ya Euler bado inafanya kazi, kwani kila kigawo tasa lazima kiwe 2k × 2147483647 + 1. Mwaka 1983 kilipatikana kimoja, 295257526626031, ambapo k ni 68,745.