Ada ya chuo kikuu kwa aliyeko Kidato cha Tano: mkopo wa Bodi, akiba ya nyumbani au kupitia stashahada?

MamaViazi_Makambako
Habari zenu wanajukwaa. Binti yangu ameanza Kidato cha Tano mwezi Julai, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), katika shule ya bweni ya serikali. Ada hatudaiwi, kwa kuwa ilifutwa kwa kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022, lakini nikiwaza yatakayofuata baada ya miaka miwili usingizi unapaa. Ninalima viazi mviringo, sina mshahara, na baba yake alifariki binti akiwa darasa la tatu. Nimeona nilinganishe mapema njia tatu: kutegemea mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kuanza kuweka akiba sasa, au kumtoa huko aende akasome stashahada ya utabibu, kama anavyonishauri kaka yangu anayeiona PCB kuwa bahati nasibu. Naomba mnipe hoja na hesabu. Pole nimeshapewa za kutosha.

Mwalimu_Mdaiwa
Shikamoo mama. Mimi nilisoma kwa mkopo na hadi leo ninakatwa, kwa hiyo nitasema ninachokijua kupitia hati yangu ya mshahara. Tangu sheria ya Bodi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mwajiriwa aliyenufaika hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, wakati awali makato yalikuwa asilimia 8. Chukulia binti amemaliza chuo akiwa na deni la shilingi 12,000,000, akaajiriwa kwa mshahara wa msingi wa shilingi 700,000: atakatwa shilingi 105,000 kwa mwezi, na deni litaisha baada ya miezi 115 hivi, yaani takriban miaka tisa na nusu. Ni mzigo, sikufichi. Hata hivyo, mwaka 2021 Serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ndiyo iliyokuwa ikifanya madeni yetu yavimbe huku tukiyalipa, na kwa sababu hiyo mkopo wa sasa una afadhali kubwa kuliko wetu. Mkulima asiye na hati ya nyumba ya kuweka rehani hatapata benki itakayomkopesha kwa masharti ya namna hiyo. Kura yangu ni mkopo.

Mwaka_wa_Tatu
Shikamoo mama. Ninakubaliana na mwalimu kuhusu kulipa deni, lakini ameruka habari ya kuupata huo mkopo, na huko ndiko sisi tulioko chuoni tunakoumia. Mkopo hautolewi kama furushi moja. Kuna fungu la chakula na malazi, ambalo sisi tunaliita boom, kuna ada, vitabu na viandikia, mafunzo kwa vitendo na mahitaji maalumu ya kitivo, na mwombaji hupangiwa kiasi kulingana na uhitaji wake unavyoonekana kwenye nyaraka. Mimi nilipangiwa boom yote na sehemu ndogo tu ya ada, huku niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja akipata ada yote. Boom iliongezwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23, nayo inasaidia sana, ila haikusubiri getini siku unaporipoti. Nilikaa zaidi ya wiki tatu nikisubiri kusaini, na katika muda huo nilitakiwa kulipia kitanda, kununua godoro, kukamilisha usajili na kula. Aliyekuja na nauli peke yake alikopa kwa wenzake. Kwa hiyo, mama, swali la mkopo au akiba halina jibu moja: akiba ni ya kukufikisha kwenye mkopo.

Mzee_wa_Ng'ombe
Kijana amesema kweli, nami nizungumzie hiyo akiba, maana nimesomesha watatu na kila mmoja nilimwekea kwa namna tofauti. Wa kwanza nilimwekea ng'ombe. Ng'ombe huzaa, ni kweli, lakini mwezi wa Oktoba wazazi wengi wanauza kwa sababu ileile, na mnunuzi anakuona usoni kwamba una shida. Wa pili nilitegemea kikoba, nikasahau jambo dogo: kikoba chetu huvunjwa Desemba, na vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Nililazimika kukopa ndani ya kikoba changu mwenyewe na kulipa riba juu ya fedha zangu. Wa tatu niliweka kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambao mtu huongeza kidogo kidogo kwa simu na akihitaji fedha huzipata ndani ya siku chache za kazi. Haukunitajirisha, lakini fedha ilikuwepo siku niliyoihitaji, na haikuwa nyumbani pa kuitwa na kila harusi na kila msiba.

Weka shilingi 50,000 kwa mwezi, na katika miezi ambayo shamba halina kitu, fidia utakapovuna. Kwa miezi 24 utakuwa na shilingi 1,200,000 bila kuhesabu faida. Haitamsomesha hadi mwisho, ila itamwingiza darasani bila aibu.

Tabibu_Kahama
Mimi ndiye niliyepita njia anayoipendekeza mjomba wa binti. Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu. Vyuo binafsi vya afya mara nyingi hutoza zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka, na ingawa Bodi ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani mwaka 2023/24, fungu hilo si pana kama la shahada. Akitaka kuwa daktari baadaye, atahitaji wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.0, kisha asome miaka mitano mingine. Jumla ni miaka minane, dhidi ya saba kwa anayepitia Kidato cha Sita.

Kuna jambo ambalo huenda kaka yako hajalipima. Stashahada huombwa kwa cheti cha Kidato cha Nne, na cheti hicho hakichachi. Binti akifanya vibaya Kidato cha Sita, mlango huo ataukuta wazi kama anavyouacha leo. Sasa kwa nini aukimbilie kabla hajashindwa? Mwacheni asome.

Karani_Mstaafu
Wote mmezungumza fedha, na mimi nimeshuhudia watoto wengi wakikosa mkopo kwa sababu ya karatasi. Mama, umesema baba yake alifariki. Je, una cheti cha kifo kutoka RITA, ile wakala ya serikali inayosajili vizazi na vifo, au una kibali cha mazishi tu? Watu wengi huamini kwamba kibali kinatosha. Hakitoshi: bila cheti kilichohakikiwa, kwenye maombi binti ataonekana ni mtoto mwenye baba hai, na uyatima ambao ungempa kipaumbele hautahesabiwa. Cheti chake cha kuzaliwa nacho lazima kihakikiwe na RITA, na majina yake yafanane na ya cheti cha Kidato cha Nne, kwa kuwa mfumo wa Bodi humtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato hicho. Herufi moja ikipishana, au jina la babu likiwa upande mmoja na halipo upande wa pili, mtaanza safari za hati ya kiapo wakati dirisha la maombi linahesabu siku.

Na dirisha lenyewe huja wakati mbaya. Mtihani wa Kidato cha Sita hufanyika Mei, kisha vijana wengi huitwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, nao huko hawana simu wala muda, huku maombi ya mkopo yakiendelea. Kuna miaka ambayo maofisa wa Bodi wamewafuata makambini kuwaelimisha, lakini ofisa hawezi kumletea kijana cheti kilichobaki kabatini Makambako. Atakayekimbilia sahihi za serikali ya mtaa na za kamishna wa viapo ni wewe. Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, tunza namba yake pamoja na vyeti hivyo.

Mwaka_wa_Tatu
Niongeze dogo: kwa kuwa anasoma PCB, asiisahau Samia Scholarship, iliyoanza mwaka 2022 kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa katika tahasusi za sayansi na wanaoingia fani za sayansi, uhandisi na tiba. Ile haidaiwi. Lakini wanaoipata ni wachache mno, na si jambo la kuliwekea bajeti.

MamaViazi_Makambako
Nawashukuru. Karani umenigusa palepale: nina kibali cha mazishi tu, kimekunjwa ndani ya Biblia tangu siku ile. Stashahada nimeiweka pembeni, na kaka nitamjibu kwa maneno ya tabibu. Jumatatu nakwenda wilayani kuulizia cheti cha kifo, na kwa akiba nitaanza na 40,000, kwa sababu 50,000 nitaiahidi halafu niivunje. Limebaki moja: cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha Kidato cha Nne kina matatu. Nianze na kipi?

Karani_Mstaafu
Anza na cha kuzaliwa, mama. Cha Kidato cha Nne ndicho Bodi watakachokitazama, kwa hiyo hicho usikiguse. Na hiyo Jumatatu beba vyote viwili, usije ukarudishwa nyumbani kwa ajili ya nakala.